Sanduku la Baba la mbio za kupanda kilima: tuligawane au tulitunze likiwa zima?

BintiWaFundi (mwanzilishi wa uzi)

Ndugu zangu wapenda magari na wapenda vitu vya kale, naomba mnivumilie kwa urefu wa maelezo haya, maana jambo lenyewe lina vipande vingi na nikikiruka kimoja hamtalielewa. Baba yetu alifariki mwaka jana. Matanga yalipokwisha tulirudi kwa Mama, Buruburu, kupanga vitu vyake, na chini ya kitanda cha chumba cha wageni tukakuta sanduku la bati la aina ile ile tuliyobebea nguo kwenda shule ya bweni, limefungwa kwa kufuli ambayo ufunguo wake hakuna aliyewahi kuuona. Kaka yangu mkubwa aliikata kufuli hiyo kwa msumeno wa chuma.

Kwamba Baba aliwahi kushindana na magari tulilijua kijuujuu, kama watoto wanavyoyajua mambo ya wazazi wao ya kabla hawajazaliwa. Tulijua kwamba alikwenda Uingereza mwaka 1971 kusomea ufundi wa magari, akafanya kazi Birmingham, akarejea mwaka 1978 na mke, mtoto mmoja na sanduku hilo. Tulijua pia kwamba kila tulipoteremka kwa ile barabara ya zamani ya Mai Mahiu, iliyochongwa ukingoni mwa Bonde la Ufa na mateka wa vita wa Kiitaliano mwaka 1942, Baba alikuwa akinyamaza ghafla na kuanza kuhesabu kona kwa vidole juu ya usukani. Tulidhani anasali, kwa kuwa kanisa dogo walilolijenga Waitaliano hao lipo pale pale kando ya barabara.

Hapa Nairobi mtu akitaja mbio za magari, akili za wote hukimbilia Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953 ikiwa na magari yaliyopita kwenye vumbi na matope kwa maelfu ya kilomita. Mbio za Baba zilikuwa kinyume kabisa cha hayo. Kuna kijiji kiitwacho Shelsley Walsh, katika jimbo la Worcestershire, si mbali sana na Birmingham, chenye kijia cha lami kinachopanda kilima kwa urefu wa yadi 1,000, yaani takriban mita 914. Magari hayapambani ubavu kwa ubavu. Kila dereva hupanda peke yake, saa ikimhesabia kutoka chini hadi juu, kisha hushuka na kungoja zamu yake ya pili, na muda wake ulio bora ndio unaohesabiwa. Safari nzima ya kutoka Nairobi kwenda Uingereza, miaka saba ya baridi, mishahara iliyoishia kwenye vipuri, yote hayo kwa ajili ya jambo linalokwisha kabla maji ya chai hayajaanza kuimba sufuriani!

Sasa niseme tulichokikuta. Kulikuwa na kofia ngumu nyeupe ya faibaglasi, bitana yake ikiwa imekauka na kumomonyoka kama mkate wa juzi. Kulikuwa na ovaroli ya buluu iliyotiwa kiraka gotini, vijitabu kumi na kimoja vya ratiba za mashindano, beji mbili za kubandika mbele ya gari, na gurudumu dogo la gia lenye meno mawili yaliyovunjika, ambalo mtu amelichora kwa msumari maneno "Juni 1975". Kulikuwa na reli moja ya filamu, ile ndogo inayoenea kiganjani, ikiwa ndani ya mkebe wa plastiki. Kulikuwa na kipande cha gazeti la hapa kwetu cha mwaka 1974 kuhusu ushindi wa Joginder Singh katika Safari akiwa na Mitsubishi Lancer, ambacho bila shaka baba mdogo alimtumia kwa posta, maana kimekunjwa mara nne kuingia katika bahasha ya barua ya ndege. Na kulikuwa na daftari la kurasa themanini.

Vitu viwili ndivyo vilivyotushinda kabisa. Cha kwanza ni ubao mwembamba wa plaiwudi, urefu wake kama sentimita 25 na upana wa sentimita 5, uliopakwa rangi nyeusi isiyong'aa pande zote mbili na kutobolewa matundu mawili ya bolti. Shemeji yangu alisema ni rula ya fundi, lakini hauna alama hata moja. Cha pili kimo katika picha: gari la Baba, Mini ya kijani yenye namba 47 mlangoni, limesimama kwenye mteremko, na nyuma yake ameinama mzee mwenye koti jeupe aliyeshika mti mrefu unaofanana na mwiko wa kusongea ugali wa harusi, akiuelekeza kwenye gurudumu la nyuma.

Kisha lipo suala la muda, ambalo limeleta maneno nyumbani. Ndani ya kijitabu kimoja kulikuwa na kikaratasi rasmi kinachosema kwamba Baba alipanda kwa sekunde 46.31. Daftari, kwa siku hiyo hiyo na mpando huo huo, linasema 48.2. Kaka yangu anashikilia kwamba daftari ndilo la kweli na kwamba Baba alijitafutia kikaratasi kizuri cha kuwaonyesha watu. Sipendi kumsikia mwana akimwita babake mwongo kabla udongo wa kaburi haujakauka, lakini nami sina jibu.

Mwisho ni hili la kugawana. Kaka anataka kofia na beji, na kuna mnunuzi aliyemwahidi shilingi 40,000 kwa vitu hivyo vitatu. Mdogo wetu wa mwisho anataka picha. Mimi sitaki chochote kitoke. Nina sababu, ingawa ni ya uchungu: miaka miwili iliyopita slaidi 36 za Baba, yaani vile vipande vya filamu vyenye picha, zilipelekwa kwenye duka moja la mjini ili ziingizwe kwenye kompyuta, na wale jamaa, kwa kutaka nafasi, walizitoa katika fremu zake za karatasi na kuzitupa fremu. Juu ya fremu hizo ndiko kulikoandikwa tarehe na mahali. Picha zimerudi zikiwa safi na zinang'aa, na hakuna anayejua hata moja ilipigwa lini. Naogopa sanduku zima lisije likapatwa na hayo hayo mikononi mwetu wenyewe.

FundiWaGrogan

Dada, pole kwa msiba. Nimekaa miaka thelathini kwenye Barabara ya Kirinyaga, ambayo sisi wa zamani bado tunaiita Grogan, na Mini nimezifungua nyingi kuliko ninavyoweza kuzihesabu. Nimewahi pia kumsaidia mteja mmoja aliyekuwa akienda kushindana huko ng'ambo, kwa hiyo maswali yako mawili ninaweza kuyajibu bila kubahatisha.

Ubao mweusi si rula. Unafungwa wima mbele kabisa ya gari, na kazi yake ni kukata mwale wa mwanga. Kwenye mstari wa kuanzia na ule wa kumalizia kuna mwale unaopita barabara kutoka upande mmoja hadi mwingine. Gari likiukata wa chini, saa inaanza, na likiukata wa juu, saa inasimama. Sasa fikiria magari ya maumbo tofauti: moja lina pua ndefu iliyo chini, jingine lina bampa juu, na jingine lina magurudumu yaliyotokeza mbele ya mwili. Bila kitu kimoja kinacholingana kwa wote, mwale ungekatwa mahali tofauti kwa kila gari. Ubao huo unawafanya wote wapimwe kwa kitu cha aina moja, nao hupakwa rangi nyeusi isiyong'aa ili usirudishe mwanga.

Hapo hapo ndipo ilipo siri ya muda wa mzee, na mwambie kaka yako asikilize vizuri. Katika mbio hizi taa ya kijani haimaanishi "kimbia sasa hivi". Inamaanisha kwamba njia iko wazi na dereva anaweza kuondoka akiwa tayari. Saa rasmi haianzi taa inapowaka, bali gari linapoukata mwale. Mtu anayepima kwa saa ya mkononi, akibonyeza taa inapowaka au gari linapotikisika, tayari ameongeza sehemu ya sekunde au hata sekunde nzima. Upande wa mwisho nao ni vivyo hivyo, hasa ikiwa amesimama chini na hauoni mstari wa juu, akawa anangoja sauti ya mtangazaji. Tofauti ya sekunde 1.89 kati ya 46.31 na 48.2 si uongo hata kidogo. Ni saa mbili zilizopima vitu viwili tofauti. Swali langu ni jingine: mzee alikuwa ndani ya gari akishika usukani kwa mikono miwili. Ni nani aliyekuwa na saa?

Yule mwenye koti jeupe ameshika kabari. Gari linaposimama kwenye mteremko likingoja kuondoka, dereva hawezi kushughulika na breki ya mkono, klachi na mafuta kwa wakati mmoja bila kurudi nyuma au kuiunguza klachi. Kwa hiyo msimamizi huweka kabari ya mbao nyuma ya gurudumu, gari hulegezwa likaiegemea, na linapoondoka kabari huvutwa haraka kwa mpini mrefu ili isimzuie anayefuata. Huo ndio mwiko wako wa ugali wa harusi.

Niongeze neno kuhusu Mini, kwa sababu nadhani watoto wake wanapaswa kujua mzee alikuwa akipigana na nini. Mini huvutwa na magurudumu ya mbele. Kwenye mteremko, unapokanyaga mafuta kwa nguvu, uzito wa gari hurudi nyuma, na yale ya mbele, ambayo ndiyo yenye kazi, hubaki mepesi. Matokeo yake ni kwamba magurudumu huzunguka papo hapo, moshi unatoka na gari haliendi. Gari linalosukumwa kutoka nyuma hunufaika na mteremko, lakini Mini huadhibiwa nao. Ninaamini kwamba ukilifungua hilo daftari utakuta mambo mengi ya upepo wa tairi na mizunguko ya injini wakati wa kuondoka, na machache sana kuhusu kona, maana kwenye kona Mini haikuwa na shida.

Na ile gia iliyovunjika meno: katika Mini sanduku la gia liko chini ya injini, na vyote viwili vinatumia mafuta yale yale. Jino likikatika, vipande vya chuma vinaogelea katika mafuta yanayolainisha kila kitu. Ndiyo maana bolti ya kumwagia mafuta ina sumaku. Sumaku hunasa unga wa chuma, lakini jino zima ni habari nyingine. Mtu hachori tarehe juu ya gia kwa sababu anaipenda. Angalia daftari baada ya Juni 1975 uone kama kuna kurasa tupu.

MtuWaHesabu

Kwa heshima zote, marehemu ameondoka na vitu ni vitu. Shilingi 40,000 zinalipa karo ya mjukuu wake kwa muhula mmoja, na kofia iliyomomonyoka haitamlinda yeyote. Pigeni picha kila kitu, uzeni kinachouzika na mlale usingizi.

BintiWaFundi

Ndugu MtuWaHesabu, nimekusikia, na kaka yangu angekuombea dua. Picha za vitu hivyo tutapiga. Tatizo ni kwamba hatujui bado tunachokiuza, kama utakavyoona.

FundiWaGrogan, sijui nikushukuru vipi. Nimelifungua daftari na ni kama ulikuwa umelisoma. Ukurasa wa kwanza umejaa upepo wa tairi: "28 mbele, 26 nyuma", kisha "30 mbele", kisha 26 mbele ikiwa imepigiwa mstari mara mbili. Kuna mahali ameandika kwa Kiswahili, katikati ya Kiingereza kitupu: "Zimezunguka bure tena. Nimekuwa mchoma mahindi." Na baada ya tarehe 15 Juni 1975 kuna kurasa nne ambazo hazikuandikwa kitu. Maandishi yanarudi Aprili 1976, na la kwanza kabisa ni hesabu ya fedha, safu ndefu inayoishia na alama ya mshangao.

Lakini si hilo lililonikosesha usingizi. Ulipoeleza habari ya kabari nilikuwa jikoni kwa Mama, simu mkononi, nikiwa nimesimama kando ya mlango wa nyuma. Mlango huo umezuiwa na kipande cha mbao tangu nipate akili. Ni kizito, kimekatwa kwa umbo la pembetatu, na kwenye upande wake mnene kuna tundu la mviringo ambalo tulipokuwa watoto tulikuwa tukifichia gololi. Nimekiinua kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikakigeuza. Uso wake wa mteremko una michirizi myeusi iliyozama ndani ya mbao, na nilipoisugua kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kitambaa kikatoka na weusi wa mpira. Tundu ni la mpini. Mpini haupo.

Kwa miaka arobaini na zaidi tumeipiga teke kabari hiyo tukienda kuanika nguo.

Swali lako la nani aliyeshika saa sijalijibu kwa sababu nataka kulipeleka kwa mwenyewe. Nilichokigundua ni kwamba mwandiko wa upepo wa tairi na mwandiko wa nyakati si mmoja. Baba aliandika herufi zilizolala kama majani ya mpunga yaliyopigwa na upepo, na nyakati zimeandikwa kwa mwandiko wa wima, namba saba zikiwa na kijistari katikati.

MkaaUghaibuni

Nimeishi katikati ya Uingereza kwa miaka kadhaa, na Shelsley Walsh nimekwenda mara mbili, mara ya pili nikiwa na watoto. Mashindano ya kwanza pale yalifanyika tarehe 12 Agosti 1905, na mbio zinaendelea hadi leo kwenye kilima kile kile. Mshindi wa siku ile ya kwanza alitumia sekunde 77.6. Mwaka 1930 dereva Hans Stuck, aliyetoka Ulaya bara na gari la Austro-Daimler lililotengenezwa makusudi kwa ajili ya vilima, alipanda kwa 42.8, na watu wakalizungumzia jambo hilo kwa miaka. Baba yenu, kwa gari dogo la kwendea sokoni, alikuwa nyuma ya Stuck kwa sekunde tatu na nusu tu. Najua kwamba lami na tairi za miaka ya sabini hazikuwa zile za 1930, na kwamba kufikia wakati wake magari ya kiti kimoja yalikuwa yamewaacha wote wawili mbali. Hata hivyo, ningekuwa mimi ningeiandika 46.31 ukutani.

Kuhusu slaidi zilizopoteza fremu zake, usikate tamaa kabla ya kufanya jambo moja. Vijitabu vya ratiba vya mashindano haya huwa na orodha ya washiriki wote kwa namba zao, kila mmoja na gari lake na daraja lake kulingana na ukubwa wa injini. Namba hizo hutolewa upya kwa kila shindano. Kwa hiyo ikiwa Mini ya kijani ina namba 47 katika picha moja na 112 katika nyingine, hizo ni siku mbili tofauti, na unachohitaji ni kutafuta kijitabu ambacho ndani yake baba yenu ni namba 47. Usiishie kwenye gari lake pekee. Magari mengine yaliyopigwa picha kwenye uwanja wa kuegesha nayo yana namba, na magari mawili au matatu yakilingana na orodha moja basi tarehe umeipata bila shaka yoyote.

Mahali nako kunatambulika. Kutoka chini, njia inapita Kennel Bend ikipinda kushoto kwa upole, inafika Crossing, kisha kuna kona mbili kali zinazofuatana, Bottom Ess na Top Ess, ndipo unyooko wa mwisho unapoanza. Picha yenye ukingo mrefu wa udongo na gari lililoinama huku likigeuka kwa shida, hiyo karibu kila mara ni ya kwenye Esses. Huko ndiko watazamaji hupenda kusimama.

MhifadhiNyaraka

Nimefanya kazi ya kutunza nyaraka kwa muda mrefu, na nimesoma uzi huu nikiwa na furaha na hofu kwa pamoja. Niseme la hofu kwanza. Fungueni mkebe wa ile reli ya filamu leo hii na mnuse. Ikiwa inanuka kama siki, filamu imeanza kuoza, kwa sababu asetati ambayo filamu hizo zilitengenezwa kwayo hutoa asidi inapochakaa, na asidi hiyo huharakisha uozo wenyewe. Ikianza haizuiliki, hupunguzwa kasi tu kwa mahali pa baridi na pakavu. Msiiweke ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa, na msijaribu kuipitisha kwenye projekta ya zamani, kwa sababu filamu iliyosinyaa hukatika kwenye meno ya projekta. Tafuteni mtu mwenye mashine ya kuipiga picha fremu moja moja. Ikiwa ni Super 8, ile filamu ndogo ya kamera za nyumbani, ya kawaida ya futi 50, kwa mwendo wa fremu 18 kwa sekunde, ina dakika tatu na sekunde ishirini tu. Hakuna nafasi ya majaribio.

Karatasi zisipigwe laminesheni wala kuunganishwa kwa seloteipu. Nyuma ya picha andikeni kwa penseli laini, kamwe si kwa kalamu ya wino. Beji zisisuguliwe, kwani mng'ao mnaoutafuta ndio unaozivua maandishi. Kofia isivaliwe na mtoto yeyote kwa ajili ya kupigwa picha akiwa juu ya pikipiki, na nasema hivi kwa sababu nimeona. Sanduku lenyewe liinuliwe kutoka sakafuni. Nairobi mvua za masika zikianza, unyevu hupanda ukutani, na mchwa hawajui tofauti ya Baba na gazeti la jana.

Sasa kuhusu kugawana, ambalo ndilo ulilouliza. Ninyi wenyewe mmeshatoa ushahidi. Kikaratasi kilieleweka kwa sababu kulikuwa na daftari la kubishana nacho, na gia ikaeleweka kwa sababu daftari lina kurasa tupu. Slaidi nazo zitapata tarehe kwa sababu vijitabu vipo. Tuseme kofia na beji zilikuwa zimekwenda kwa mnunuzi, picha zimekwenda kwa mdogo wenu na daftari limebaki kwako. Kila mmoja angekuwa na kitu kisichosema neno. Kama ni lazima kitu kitoke, kitoke baada ya kuandikwa kilikuwa wapi ndani ya sanduku, kando ya kitu gani, na nani alisema nini juu yake. Andikeni orodha hiyo kabla ya kugusa tena chochote, kisha mkae na yule aliyekuwepo. Vitu vya bati vinaweza kungoja, watu hawangoji.

BintiWaFundi

Ninarudi na majibu, na niombe radhi kwa wiki tatu za kimya. Filamu hainuki siki, namshukuru Mungu, na imeshapigwa picha fremu moja moja. Slaidi 29 kati ya 36 tumezipatia tarehe kwa njia aliyoieleza MkaaUghaibuni. Namba 47 ni ya Julai 1976. Mdogo wangu, aliyekuwa akitaka picha azipeleke kwake, ndiye aliyeifanya kazi hiyo usiku hadi usiku akiwa na kioo cha kukuzia, na sasa anawajua madereva wa Worcestershire wa mwaka 1974 kuliko anavyowajua majirani zake.

Aliyeshika saa ni Mama.

Nilimwekea daftari mapajani bila kusema neno. Alivaa miwani, akasoma ukurasa mmoja, akasema, "Huu mwandiko wa wima ni wangu, na hii 48.2 ni kosa la yule mtangazaji aliyependa kupiga hadithi kabla ya kutaja nambari." Alikuwa akisomea uuguzi wakati huo. Siku za mashindano alisimama chini karibu na mstari wa kuanzia akiwa na saa aliyoazima wodini, anabonyeza taa ya kijani inapowaka, anasikiliza gari likipanda hadi sauti ipotee kwenye miti, kisha anangoja spika. Muda rasmi ulikuwa unatoka baadaye kwenye kikaratasi, lakini yeye hakufuta wake. Nilipomuuliza kwa nini, alinitazama kana kwamba nimeuliza jambo la kitoto. Alisema kwamba saa yao ilimpima Baba yenu tangu alipoanza kwenda, na yake ilimpima tangu alipoambiwa nenda, na kwamba mtu akiishi na Baba yenu angejua kuwa hizo ni habari mbili.

Kaka yangu alikuwa amekaa mlangoni akisikia yote. Hakusema kitu, lakini jioni alimpigia simu yule mnunuzi.

Kuhusu Juni 1975: gia ilivunjika kwenye zamu ya pili, mita chache kutoka pale kwenye mstari, magurudumu yalipozunguka bure kisha yakashika lami kwa ghafla. Mama anasema Baba alishuka, akafungua boneti, akaifunga, akakaa juu ya nyasi akavua kofia. Fedha za injini nyingine zilikuwa ndizo za nauli ya kuja nyumbani Krismasi ile. Waliambizana ukweli, wakahesabu, na safu ile ndefu ya Aprili 1976 yenye alama ya mshangao ni mwandiko wa wima pia. Hakutaka kunieleza alama hiyo inamaanisha nini.

Filamu tuliitazama sote Jumapili iliyopita ukutani kwa Mama, wajukuu wakiwa wamelala chali kwenye zulia. Sehemu kubwa ni nyasi, mawingu na watu wanaokunywa chai kwenye vikombe vya plastiki. Mini inaonekana kwa sekunde kumi na moja tu: inategwa kabari, inatikisika, moshi mwembamba unatoka kwenye gurudumu la mbele la kushoto, kisha inaondoka na kutoka nje ya picha, na aliyeshika kamera hakuifuata. Ameigeuza kamera taratibu kumtazama msichana mwenye koti la kijivu, amesimama amefumba macho, kidole gumba juu ya saa. Kwa muda wote uliobaki kamera haikurudi tena kwenye gari.

Tumekubaliana kwamba sanduku lisigawanywe. Litakaa kwa kaka, kwa sababu nyumba yake ni ya ghorofani na haina mchwa, na orodha yake nakala tatu. Ubao mweusi umo, gia imo, na 46.31 imo pamoja na 48.2 katika bahasha moja. Kisichokuwemo ni kabari. Nilikuwa nimeisafisha, nimeifunga kwa kitambaa cha pamba na kuiandikia kikaratasi kwamba Baba alipewa na yule mzee wa koti jeupe siku ya mwisho, mpini wake ulipovunjika. Mama aliifungua, akairudisha sakafuni, akaisukuma kwa kidole cha mguu mpaka ikakaa. Anasema upepo wa Buruburu haujaacha kuugonga mlango wa jikoni.